Dawa ya Meno ni ya Meno

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nina kazi mbili: kujaza maji mapipa yetu ya uani, na kumpigisha mswaki mdogo wangu Rawan. Kazi ya kwanza ni rahisi. Bomba la nyumba yetu hapa Chumbageni likiwa na maji, nafungulia tu, nakaa pembeni nasubiri. Ya pili ni vita. Rawan ana miaka minne na anakula dawa ya meno kama pipi. Nikimnyang'anya analia, na akilia, Bibi anachungulia dirishani na kuniambia, "Ghadir, mwache mwenzio. Dawa haimdhuru mtu."

Bibi yetu, Bi. Shariffa, ndiye aliyekuwa akitibu walioungua mtaa mzima. Mtu akirukiwa na mafuta ya bajia, hodi ya kwanza kwetu. Bibi alikuwa akitoa tyubu yake ya dawa ya meno, anampaka mgonjwa mpaka mkono unakuwa mweupe pe, kisha anamwonyesha mkono wake mwenyewe wa kulia. Mwaka niliozaliwa mimi alimwagikiwa na mafuta ya moto, akapaka dawa ya meno, akapona. Hata alama huioni. Mkono ule umeonyeshwa watu wengi kuliko picha za arusi.

Kwa hiyo siku Mwalimu Consolata alipotuuliza sisi wa darasa la sita mtu akiungua afanyiwe nini, kidole changu kilikuwa juu hata swali halijaisha. Nilisema apakwe dawa ya meno, na nikasimulia habari ya mkono wa Bibi kwa madaha yote. Darasa zima likaniunga mkono, isipokuwa Fanueli. Yeye mama yake ni mtu wa Lushoto, na kwao mtu akiungua hupakwa ute wa yai. Tukabishana pale mpaka darasa la jirani wakatugongea ukuta.

Mwalimu hakusema nani kashinda. Aliandika neno DAWA ubaoni kwa herufi kubwa, akatuambia tutaje dawa zote tulizonazo nyumbani. Zikamiminika: dawa ya kikohozi, dawa ya meno, dawa ya mbu, dawa ya panya, dawa ya viatu. Halafu akauliza, kwa sauti ya upole kabisa, nani yuko tayari kupakwa dawa ya viatu kwenye kidonda. Tulicheka mpaka machozi.

"Mnaona," akasema. "Kitu kuitwa dawa hakutoshi. Lazima tujue kinatibu nini, na tujue tumejuaje."

Nikasimama tena, maana mimi kushindwa siwezi. Nikamwambia tunajua kwa sababu Bibi alipona.

"Alipona kwa dawa, Ghadir, au alipona baada ya dawa?"

Sikuona tofauti, na nikamwambia hivyo hivyo. Mwalimu akatueleza kwamba majeraha mengi madogo ya moto hupona yenyewe, upake usipake. Ili ujue dawa imefanya kazi, unahitaji mikono iliyoungua sawasawa, mingine ipakwe, mingine isipakwe, kisha ulinganishe. Hapo Fanueli akajitolea kuniunguza mimi mikono yote miwili kwa faida ya sayansi. Mwalimu akamtuma kesho yake alete viazi badala yake.

Siku ya viazi sitaisahau. Mwalimu alichemsha viazi mviringo vitatu vya ukubwa mmoja kwenye sufuria moja, akavitoa kwa pamoja, vinafuka moshi. Kimoja tulikipaka dawa ya meno mpaka kikageuka jiwe jeupe. Cha pili tukakiacha kilivyo. Cha tatu Fanueli akakishika kwa koleo chini ya bomba la shule, maji yakitiririka juu yake. Dakika ishirini kwa saa ya Mwalimu. Kabla hatujapima tulipiga kura, na watu thelathini na wawili kati ya arobaini walisema cha dawa ya meno ndicho kitakachokuwa kimepoa zaidi. Mimi ndiye niliyekuwa nawapigia debe.

Mwalimu akadunga kipimajoto katikati ya kila kiazi, tukasongamana mezani kama nzi. Kiazi cha bombani kilikuwa kimepoa kabisa. Kile cha dawa ya meno na kile kilichoachwa vivi hivi, joto lao lilikuwa karibu sawa, na vyote viwili bado vina moto wa kuunguza ulimi. Darasa likalipuka. Watu walirukaruka, Fanueli akacheza ngoma na koleo lake, na mimi niliyeshindwa nilishangilia kuliko wote. Nilikuwa nimekiona kitu kwa macho yangu, kitu ambacho mtaa mzima haukijui.

Mwalimu akatutuliza. Akasema kiazi si mtoto, na jaribio letu limetuonyesha habari ya joto tu. Ila wapo watafiti waliofuatilia watoto wengi walioungua kweli, wakalinganisha, na ushauri uliotokana na kazi yao ni huu: maji safi ya kawaida, si barafu, yatiririke juu ya jeraha dakika ishirini, kisha hospitali. Na usipake kitu.

Nilikimbia njia nzima mpaka nyumbani. Nikamkuta Bibi anachambua mchele, na roho ilivyokuwa juu, nikasema kwa pumzi moja, "Shikamoo Bibi, dawa yako haitibu."

Bibi aliweka ungo chini taratibu. "Marahaba," akajibu. "Kwa hiyo miaka yote hii mimi nimekuwa nikidanganya watu?"

Nikajaribu kumweleza viazi, na lile swali la Mwalimu la kupona kwa dawa au baada ya dawa, lakini ndio nikaharibu zaidi. Akaniuliza kama mimi nilikuwepo siku alipoungua. Akaniuliza kama kiazi kina damu. Kisha akachukua ungo wake akaingia ndani. Niliumia kweli. Habari yangu ilikuwa nzuri, lakini nilimrushia mtu mzima usoni.

Jumamosi iliyofuata nyumbani kwetu kulikuwa na shughuli ya arobaini ya kuzaliwa kwa mtoto wa Shangazi Hafsa. Bomba lilikuwa limekauka tangu jana yake, na mapipa mawili niliyokuwa nimeyajaza mapema ndiyo yaliyokuwa yanategemewa kwa pilau, chai na wageni kunawa. Shangazi alinitangazia mara tatu kwamba atakayechota hata kopo moja bila ruhusa atamtambua. Mama alikuwa ameenda sokoni kufuata vitunguu. Uani kina mama wanamenya, wanatwanga, wanataniana, na Rawan anazunguka na bangili zake mpya za kioo akiringa.

Sikuona alivyolivuta birika la chai. Nilisikia tu kilio. Chai ya maziwa, imetoka jikoni wakati ule ule, ilikuwa imemwagika yote kwenye mkono wake wa kushoto, kuanzia vidoleni hadi juu ya kifundo.

Kina mama wote wakainuka kwa pamoja. Mmoja anataka chumvi, mwingine anaitisha yai, na sauti ya Bibi ikawapita wote: aletewe dawa ya meno. Mimi nilikuwa nimeshambeba Rawan. Miguu ilijua inakokwenda. Nilimkalisha kwenye jiwe la kufulia kando ya pipa, nikamvua zile bangili kabla mkono haujavimba, nikazamisha kopo na kuanza kummwagia. Kopo la kwanza, la pili, la tatu. Rawan anapiga mateke, mimi namwagia.

Shangazi Hafsa akanishika mkono. Akasema nimerukwa na akili, maji ya wageni hayo, na mtoto ataingiwa na maji kwenye jeraha. Bibi naye akafika na tyubu mkononi, kifuniko kimeshafunguliwa. Nikajua hapa nikiwa jeuri kama siku ile, nimeshindwa, na atakayeumia si mimi, ni Rawan.

Nikapiga goti palepale kwenye tope. "Bibi, nakuomba dakika ishirini tu. Zikiisha, mpake utakacho, sitasema neno."

Bibi alinitazama. Akautazama mkono wa Rawan, mwekundu, unang'aa. Akaufunga mdomo wa tyubu.

"Hafsa, mwache," akasema. "Pilau litasubiri. Mtoto hasubiri."

Akakaa kwenye jiwe, akampakata Rawan, akaushika ule mkono mdogo juu ya karai ili nimwagie vizuri. Nilitaka kwenda kutazama saa sebuleni, akanikataza kuondoka. Alitoa tasbihi yake mfukoni. "Mzunguko wangu mmoja ni dakika mbili," akasema. "Nimeupima miaka. Tunataka kumi."

Basi nikamwagia, Bibi akahesabu. Punje zikapita vidoleni mwake, midomo yake ikicheza, na kila mzunguko ulipotimia alinionyesha kidole. Mzunguko wa tatu Rawan bado anapiga kelele. Wa tano kilio kikawa kwikwi. Mikono yangu iliwaka kwa uchovu, na pipa likashuka mpaka nikawa nachota kwa kuinama nusu mwili. Jambo lililonishangaza, Shangazi Hafsa alikuja na kopo la pili akaanza kunipokezana. Bibi alipoinua kidole cha kumi, Rawan aliuliza kama chai imebaki. Kina mama wakacheka, na mimi nikalia. Sijui kwa nini nililia wakati ule na si mwanzo.

Bibi hakupaka kitu. Aliitazama tyubu kidogo, akaitia mfukoni, akaufunika mkono kwa kipande laini cha kanga safi iliyotoka kupigwa pasi, tukapanda bajaji mpaka kituo cha afya.

Tabibu aliyetupokea, Bwana Methusela, aliufunua mkono, akatazama kwa makini, akauliza umepakwa nini. Bibi akamwambia maji tu, dakika ishirini. Tabibu akainua uso kama mtu aliyepewa zawadi. Alisema kila wiki anapokea watoto waliopakwa dawa ya meno, mayai, unga, na kabla hajaona jeraha inambidi ayatoe hayo yote, mtoto akitoneshwa na kulia upya. Huu wa Rawan, akasema, haujaingia ndani sana, na vidole vyote vinacheza.

"Mwanangu, nikuulize swali," Bibi akamwambia. "Hayo ya maji, mmejuaje?"

Tabibu hakuona swali hilo dogo. Alivuta kiti akamweleza. Watafiti walichukua taarifa za watoto wengi walioungua, si mmoja wala wawili. Wakawaweka huku waliopozwa kwa maji yanayotiririka dakika ishirini, na huku ambao hawakupozwa hivyo, wakawalinganisha. Wale wa kwanza, wachache zaidi kati yao walihitaji kuja kupandikizwa ngozi. Kwa dawa ya meno, akasema, hajaona utafiti wowote wa namna hiyo unaoonyesha inasaidia. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, tukapanda bajaji kurudi nyumbani. Tasbihi ilikuwa bado mkononi.

Baada ya wiki mbili bendeji ilitolewa kwa mara ya mwisho. Ngozi ya Rawan ilikuwa nyororo, imepauka kidogo tu. Jamani, nilivimba kichwa! Jioni ile, majirani wamekaa barazani kwetu na kahawa yao, nilimshika Rawan nikamzungusha kwa mmoja mmoja, nikiwaonyesha mkono wake. Nikatangaza kwamba maji ndiyo yaliyomponya, mimi shahidi, watazame wenyewe.

"Ghadir," Bibi akaniita. "Amepona kwa maji, au amepona baada ya maji?"

Kumbe siku ile ya viazi, pamoja na hasira zake zote, alikuwa amenisikia kila neno. Baraza zima likaningoja nijibu, nikaushusha mkono wa Rawan.

Bibi alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Kisha akanyoosha mkono wake wa kulia, ule maarufu, akauweka kando ya mkono wa Rawan.

"Huu ni mkono mmoja," akasema, "na huu ni mkono mmoja. Miaka kumi na miwili nimeutembeza wangu mtaani kama ushahidi, na watu wameniamini kwa sababu wananipenda. Wewe sasa unataka kuutembeza wa Rawan. Hapana, mjukuu wangu. Sisi tutatumia maji kwa sababu wapo waliowalinganisha watoto wengi, si kwa sababu ya Rawan wetu. Mtu akikwambia kitu fulani kinatibu, hata kama mtu huyo ni mimi, muulize wamejuaje, na wamelinganisha na nini. Na uulize kwa adabu, umeshamwamkia na amekuitikia vizuri."

Nikamwambia nimesikia. Fanueli nikamsimulia Jumatatu, akasema Bibi angefaa kuwa mwalimu wetu mkuu.

Kesho yake asubuhi, kama kawaida, Rawan aliikamata tyubu akaanza kuilamba. Nikamnyang'anya, akaangua kilio, na dirisha likafunguka. Nikakaa tayari kuambiwa nimwache.

"Rawan," Bibi akasema, "mpe dada yako. Hiyo ni ya meno."