Kokoto Katika Gunia la Daktari

Jumamosi asubuhi, kama ilivyo desturi ya nyumba nyingi za nje ya Sotik, Nelvine na mama yake Rebeccah walikuwa katikati ya michai, vikapu mgongoni, wakichuma majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi. Zamani mdogo wa Nelvine, Noah, ndiye aliyewachangamsha kazini. Alikimbia kati ya mistari, akajificha, akawarushia maua ya chai. Sasa Noah alikaa juu ya gunia mwisho wa mstari, mguu ameunyoosha, akiwatazama tu. Kidole gumba cha mguu ule hakikuwepo tena.

Kila Nelvine alipoutazama mguu huo, alimwona Daktari Kiptanui, na damu ikamchemka.

Noah alikuwa amejikata mguu kwa jembe siku ambayo mama yao alikuwa safarini Kericho. Nelvine akambeba mgongoni hadi kliniki ya Kiptanui, pale madukani. Mbele yao alikuwepo mwendesha bodaboda aliyeanguka. Nelvine aliona kwa macho yake mwenyewe: daktari alimshona yule kijana, akasuuza mkasi na koleo katika beseni la maji baridi, akavipangusa kwa koti lake jeupe, kisha akamgeukia Noah. Nelvine aliuliza kwa adabu kama vyombo havichemshwi kwanza, jinsi walivyofundishwa shuleni.

"Daktari hapa ni nani," Kiptanui akamwuliza, "ni mimi ama ni wewe?"

Foleni nzima ikacheka, naye akamshona Noah kwa vyombo vile vile. Nelvine akanyamaza, na hata mama yake aliporudi hakumwambia neno, kwa haya. Baadaye mguu ulivimba na kunuka, na katika hospitali ya kaunti Noah akakatwa kidole ili mguu uokolewe.

Hapo ndipo Nelvine alipokula kiapo. Kiptanui naye lazima achekwe mbele za watu, tena watu wale wale waliokuwa kwenye foleni. Alilala na wazo hilo na kuamka nalo. Msichana wa miaka kumi na miwili akishika kisasi, msomaji, usidhani ni jambo la kitoto.

Nafasi aliipata kwenye kituo cha majani chai, ambako yeye na mama yake walipeleka majani yao. Kituoni kila mkulima humwaga majani yake juu ya meza mbele ya wote, na karani huyapekua kwa mikono. Majani yakiwa makuukuu, au yakiwa na takataka, hurudishwa nyumbani na hayapakiwi kwenye lori. Hakuna aibu inayozidi hiyo huku kwetu. Daktari Kiptanui alikuwa na shamba kubwa la chai, na kila Jumamosi alifika kituoni kwa gari lake kuona mzigo wake ukipimwa na kuamkiwa na kila mtu. Majani yenyewe yalichumwa na Elmina, mama mmoja aliyetoka upande wa Kisii kutafuta kazi, ambaye daktari alimpa chumba pembeni mwa shamba akaishi na mtoto wake mchanga.

Jumamosi hiyo Elmina aliweka gunia chini, akaenda nyuma ya kituo kumnyonyesha mtoto. Nelvine alitazama kulia na kushoto. Akafungua gunia upesi, akasukuma ndani majani magumu, vijiti na kokoto alizokuwa amezificha kikapuni, akalifunga. Moyo ulimwenda mbio, lakini ulikuwa moyo wa furaha.

Zamu ya Elmina ilipofika, daktari akiwa amesimama kando ya gari lake, karani Masese aliyamwaga yale majani. Kokoto zikagonga meza. Watu wakaangua kicheko, na Nelvine akageuka haraka aone uso wa Kiptanui ukisinyaa.

Uso haukusinyaa hata kidogo. Kiptanui alimnyooshea Elmina kidole, akasema kumbe huyu mwanamke ni mwizi wa kilo, anamtilia mawe ili alipwe zaidi. Hapo watu wakamcheka Elmina.

"Daktari, mimi sijui hayo mawe yametoka wapi," Elmina alisema. "Nakuomba, niko na mtoto."

"Jioni nisikupate kwa ile nyumba yangu."

Elmina alimkaza mtoto mgongoni na kuanza kulikunja gunia tupu. Nelvine alitamani ardhi ipasuke immeze. Akinyamaza, mtoto yule angelala nje usiku huo. Akisema, mama yake angeumbuka mbele ya kijiji kizima. Aliwahi kunyamaza mara moja, na Noah akapoteza kidole.

"Ni mimi nimeweka," alisema. Hakuna aliyesikia, ikambidi arudie kwa sauti. "Ni mimi nimeweka mawe. Anti Elmina hajui kitu."

Rebeccah alimshika mkono kwa nguvu, akamwuliza ni shetani gani amemwingia. Ndipo Nelvine akayatoa yote: bodaboda, beseni, koti, swali lake na kile kicheko. Rebeccah alikuwa hajawahi kuyasikia. Polepole aliuachilia mkono wa binti yake. Mzee mmoja akakunja suruali na kuonyesha kovu baya, akasema kidonda chake kilishonwa kliniki ile ile, na aliponea chupuchupu.

Kiptanui alitaka mtoto achapwe viboko. Rebeccah akasimama mbele yake.

"Huyu nitamwadhibu mwenyewe, amekosa," alisema. "Lakini Daktari, majani ya kunywa yanamwagwa hapa kila mtu anaona. Hivyo vyombo unashonea watoto wetu, ni nani huvikagua?"

Hakuna aliyecheka. Kiptanui aliingia garini akaondoka bila kuaga. Karani Masese aliyakataa majani ya daktari vile vile, kwa kuwa sheria ni sheria.

Jumatatu Rebeccah alikwenda na Nelvine kwa afisa wa afya ya umma, Bi Janeffer, wakaeleza kila kitu. Bi Janeffer alifika kliniki bila kubisha hodi. Mashine ya mvuke ya kuulia viini aliikuta stoo, imejazwa mbegu za mahindi. Akafunga chumba cha kushonea kwa kufuli, na kuagiza kisifunguliwe mpaka mashine ifanye kazi na vyombo vya kila mgonjwa vitoke ndani yake vimefungwa. Kiptanui alisimama nje, wapita njia wakimtazama. Nelvine alipita pale na sare yake ya shule, akageuka, akapita tena. Roho ilimsuuzika, na sitaficha.

Elmina alibaki na kazi yake na chumba chake, kwa maana watu wote walikuwa wamesikia ukweli na daktari hakuthubutu kumfukuza. Lakini ujira wa siku ile ulikuwa umepotea, na Rebeccah akaamua kwamba Nelvine amchumie kila Jumamosi mpaka hasara irudi. Jumamosi ya kwanza Elmina hakumsemesha kabisa. Ya pili, jua lilipokuwa kali, alitua kikapu.

"Bado umemkasirikia daktari?"

"Ndiyo, anti. Na sitaki kudanganya."

"Kasirika. Ni haki yako, mdogo wako aliumizwa. Mimi pia nilikukasirikia wewe, na nilikuwa nimeanza kukunja gunia nikijiuliza tutalala wapi." Alimpangusa mtoto jasho. "Ulipoificha hasira yako ndani ya gunia, ilinipata mimi. Ulipoisema mbele za watu, ikampata yeye, na leo hakuna mtu atashonwa na mkasi mchafu. Ukiona kitu kibaya, sema siku hiyo hiyo, hata wakikucheka."

Nelvine aliinamisha kichwa, akasema amesikia. Elmina akamwelekeza mstari uliobaki, wakaendelea kuchuma.