Beseni la Radicofani

Ottavio Bindi aliporudi kutoka kijitoni, kipande cha pili cha mkate kilikuwa kimeng'atwa.

Alikuwa amekaa kula penye magofu ya Briccole, ambako mahujaji waendao Roma hupumzika kabla ya kuupanda mlima wa Radicofani. Alikuwa amekata mkate vipande viwili, akaweka jibini juu ya kila kimoja, kisha kimoja akakisogeza upande wa pili wa jiwe na kusema, "Kula, Nives." Ilikuwa mazoea tu. Nives, mkewe, alizikwa kwao Siena mwezi wa Februari. Hija hii waliiwekea nadhiri wote wawili.

Aliangaza huku na huku. Hapakuwa na mbwa wala mtu, ila mashamba ya ngano iliyokwisha vunwa. Alama za meno zilikuwa ndogo, za mtu. Alifunga mkoba akaondoka upesi.

Muda si mrefu akasikia nyayo nyuma yake kwenye changarawe. Akisimama, zinasimama hatua moja baadaye. Ikaja harufu ya sabuni ya Nives, na chini yake harufu nyingine, ya udongo uliofukuliwa. Hakugeuka. Aliogopa, lakini tangu mazishi hakuna aliyetembea naye.

"Ni wewe?" alinong'ona.

Nyayo ziliendelea kumfuata.

"Huwezi kuwa wewe. Nives alichechemea, mguu wa kushoto."

Nyayo zilinyamaza. Kisha zikaanza upya, mmoja ukikanyaga, mmoja ukiburuzwa, na Ottavio akaupanda mlima ule jua likimchoma utosini na mgongo ukimsisimka kwa baridi, akijua kwamba kinachomfuata kimejifunza kuchechemea kutoka kinywani mwake mwenyewe, na kila alipopunguza mwendo nacho kikapunguza, kwa adabu, kama mke anayemsubiri mumewe mzee, mpaka walipofika pamoja kwenye mlango wa nyumba ya mahujaji.

Mtunzaji wa nyumba, Bi Argia Fatichi, alikuwa akimngoja na aproni yake.

"Karibu, mzee wangu! Umetembea kama konokono. Maharage yamechoka kukusubiri."

Desturi ya nyumba hiyo ni kumwosha miguu kila mgeni kabla hajala. Alimkalisha, akapiga magoti mbele yake na beseni la maji ya moto.

"Kucha gani hizi? Wewe ni hujaji au kuku?"

Ottavio hakucheka. Bi Argia naye akaacha kucheka, maana alikuwa ameinusa ile harufu. Kwenye vigae, mbele ya kiti kitupu kilichokuwa kando ya Ottavio, palikuwa na alama mbili za nyayo, za udongo mbichi. Visigino vilikuwa mbele, vidole nyuma.

"Umekuja na nani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sijui."

"Ulimkaribisha?"

"Nilimpa mkate."

"Mama wa Mungu!" Bi Argia alifanya ishara ya msalaba. "Nisikilize, na usimtazame. Nikimwosha, anakuwa mgeni wangu, na mgeni asubuhi huondoka. Marehemu mama aliwaondoa wa aina hii hivyo hivyo. Nisipomwosha, ni wa kwako, atakufuata mpaka nyumbani kwako Siena. Lakini siwezi kumgusa mpaka wewe uliyemwita useme nimwoshe. Sema kabla maji hayajapoa."

Ottavio aliyatazama maji yakitoa mvuke.

"Au unadhani ni mkeo?" Bi Argia alinong'ona.

"Hapana. Najua siye."

"Basi sema, baba. Neno moja tu."

"Nyumba yangu ina vyumba vitatu, Bi Argia," alisema mwishowe. "Tangu Februari sijasikia humo hata mtu akikohoa."

"Bwana Ottavio, nakusihi. Sema."

Ottavio aliitoa miguu yake kwenye beseni, akaifuta mwenyewe kwa taulo, polepole, bila kusema kitu. Mvuke ulikwisha.

Kwenye kiti kitupu kitu kikakohoa, kwa shida kidogo. Kisha kikakohoa tena, vizuri zaidi.