Mguu wa Ciku kwenye Pedali

Pedali ya breki ilishuka yenyewe, taratibu, mchana kweupe, na ndani ya ile Pijo ya zamani hakukuwa na mtu.

Ngigi alikuwa chini ya gari, gerejini kwake Thika. Masikini, alijisahau. Kutoa hewa kwenye breki ni kazi ya wawili: mmoja anakanyaga, mwingine yuko chini anafungua nati. Miaka yote mkanyagaji alikuwa mkewe, Ciku, na mdomo ulishazoea. Akaita, "Kanyaga," ilhali Ciku alizikwa tangu mvua za mwaka jana.

"Nimeshika," sauti ikamjibu kutoka juu.

Ikashuka harufu ya mafuta ya maziwa aliyokuwa akijipaka Ciku, imechanganyika na matope ya mto. Ngigi akatambaa nje. Kiti kitupu. Zulia la miguuni limelowa.

Mwenye gari, Kirit, alipolifuata jioni na mamake, Maniben, magurudumu yalikuwa yamebanwa, hayasogei. Kirit akamtania fundi kwamba amefunga breki zisizojua kuachia. Maniben hakucheka. Alichungulia ndani, akaziba pua kwa mtandio.

"Fundi, hii gari iko na mtu," akanong'ona. "Umeweka nini ya mtu hapa?"

Ngigi hakuficha. Masta silinda mpya, ile pampu ya breki, haikukubaliana na mabomba ya zamani, nati zilikataa kuingia, basi akakata kipande cha bomba chenye nati sawa kwenye pikapu yake mwenyewe, ile iliyokatika breki mteremkoni Chania ikamtumbukiza Ciku mtoni, na waliomtoa walisema mguu wake ulikuwa bado umekandamiza pedali, wakaubandua kwa nguvu, maana Ngigi ndiye aliyemfunza, tena na tena, asiachie hata kidogo mpaka aambiwe.

"Si umwambie," Maniben akasema.

Ilimchukua muda, jamani. Aliinama, akaweka kiganja kwenye pedali. Ilikuwa baridi, na ilikuwa inatetemeka, kama mguu uliochoka.

"Achia, Ciku. Imetosha."

Pedali ikapanda polepole. Kiti kikatoa mlio, kama mtu ameinuka. Magurudumu yakalegea.

Ngigi akalitoa lile bomba, akakunja jipya, akafunga. Hewa ilipaswa kutolewa upya. Akalala chini ya gari, akaita kwa sauti ndogo, "Kanyaga."

Akangoja. Akangoja tena.

"Kirit," akasema mwishowe, "ingia unikanyagie."