Amon Anasikia Baridi

Hebu fumba macho kidogo, uuone mtaa wa Ramadhani, pale Njombe mjini, jua likizama mwezi wa saba. Ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati. Moshi wa mkaa haupandi, unatambaa chini. Katika njia ya udongo mwekundu wanatembea mama na binti yake. Mama ni mimi. Binti ni Lightness wangu, na ndani ya mfuko alioukumbatia kuna sweta la bluu.

Lightness alidhani tunalirudisha.

Lilikuwa la Amon, mtoto wa mdogo wangu Esnath. Amon alikuwa na banda la gemu Makambako, karibu na stendi. Nimonia ilimchukua mvua zilipokwisha. Siku ya kuanua tanga tuligawa nguo zake kwa ndugu, kama ilivyo desturi. Lenard akapewa koti. Jastin akapewa viatu. Lightness akapewa sweta, maana yeye na Amon walifanana kama watoto wa tumbo moja. Na kwetu nguo ya marehemu ikishagawiwa hairudi. Ukiirudisha, unamwambia mwenyewe kwamba bado ana kazi nayo.

Sasa nisikilize taratibu.

Amon alikuwa amejitengenezea avata kwenye mashine yake ya gemu, ile katuni inayosimama badala ya mchezaji. Aliipa urefu wake, uso wake, koti lake na sweta lake. Baada ya msiba, umeme uliiunguza ile mashine. Esnath akaipeleka kwa fundi Gideoni hukohuko Makambako, akamwomba walau amtolee mwanawe humo ndani. Gideoni alifaulu kuliokoa faili la avata. Akalifungua kwenye simu ya Esnath.

Mtu akatokea. Urefu wa Amon, mabega ya Amon. Lakini hakuwa na nguo. Wala uso. Mwili wa kijivu tu, laini kama yai, unatikisika.

Gideoni alimweleza kwa upole. Faili hubeba umbo na mwendo. Nguo na uso vinabaki kwenye mashine, kwa hiyo ukilifungua kwenye kifaa kingine havionekani. Kule kutikisika ni namna katuni zote zinavyopumua.

"Fundi," Esnath alimjibu, "mimi ndiye niliyemuuguza. Mwanangu anasikia baridi."

Akaanza kuzunguka kwa ndugu akiomba nguo. Lenard alirudisha koti, na jioni ileile avata ikaonekana imevaa koti. Tangu hapo Lenard hapati joto. Anakaa juani na blanketi. Wenzake anaofanya nao kazi stendi walimtania kwamba ameoa jiko la mkaa. Siku hizi hawamtanii. Jastin naye alirudisha viatu, na miguu yake ikafa ganzi mpaka magotini.

Likabaki sweta.

Mimi nilipanga kumbembeleza mdogo wangu alifute lile faili. Sweta lilikuwa la kumfanya afungue mlango tu. Tulipofika mlangoni ndipo nilipomweleza Lightness, nikamwonya asilitoe. Akaniitikia, lakini macho yake yalikuwa yamejaa huruma. Alimpenda sana mama yake mdogo.

Nilibisha.

"Kamwene, Esnath."

"Kamwene, dada. Ingieni. Msiache mlango wazi, anaumia."

Ndani kulikuwa na baridi kuliko nje. Jiko halikuwashwa. Kulinukia mafuta ya kuchua kifua, yale aliyompaka Amon siku za mwisho. Kitandani koti lilikuwa limetandazwa, suruali aliyobaki nayo Esnath mwenyewe chini ya koti, viatu chini ya suruali. Na juu ya mto, mahali pa kichwa... simu, imeegemezwa ukutani, inawaka.

Nilimsemesha mdogo wangu polepole, kama ninavyomsemesha mtoto anayelia darasani. Nikamwambia Amon amepumzika. Nikamwomba alifute faili, tumwombee tu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akiitikia kwa kichwa.

Kisha simu ikakohoa.

Kikohozi kikavu, kinachokatika katikati. Nilikifahamu. Nilikesha nacho hospitalini.

Kabla sijamshika mkono, Lightness alikuwa amelitoa sweta na kulilaza juu ya koti.

Kutikisika kukakoma.

Kwenye kioo cha simu, ndani ya koti, palionekana shingo ya sweta la bluu. Avata ikatulia. Halafu ikageuka upande wetu, polepole... uso mtupu kama ukuta uliopakwa chokaa. Ukainama kulia. Ukainama kushoto. Kama mtu anayepapasa gizani.

"Hawezi kuniona," Esnath alinong'ona. "Dada, uso hatukumgawia mtu."

Akamtazama Lightness.

"Picha tu, dada. Picha moja. Amefanana naye."

"Hapana, Esnath. Huyu ni wangu."

Nilisimama kati yao. Nikafungua kitenge nilichojitanda, nikaifunika ile simu. Nikageuka kumsihi mdogo wangu. Na nilipomgeukia yeye, nyuma yangu nikasikia sauti ya binti yangu, ndogo, ya upole.

"Kaka Amon. Pole."

Alikuwa ameinua pembe ya kitenge.

Taa ya simu ikamulika usoni pake, kama inavyomulika ikipiga picha.

Nilimburuta mpaka nje. Ukungu ulikuwa mzito, hatukuona hata geti. Nyuma yetu nilimsikia Esnath akisema kwa furaha, "Ndiyo, mwanangu. Ni mimi."

Sikumsikia aliyeuliza.

Kesho yake Gideoni alipanda kutoka Makambako. Aliikagua simu, akasema faili halimo na hakuna dalili kwamba lilifutwa. Esnath siku hizi analala vizuri. Haniambii ni nani anayeongea naye jioni.

Lightness anakula, anacheka, anakwenda kazini. Ila simu yake ilikuwa ikifunguka kwa kuonyeshwa uso, na sasa haifunguki. Gideoni alijaribu kuusajili uso wake upya. Kila mara ikaandika kwamba haioni uso wowote mbele yake. Tulijaribu simu yangu. Ikaandika hivyohivyo. Na mimi, mama yake, kuna asubuhi akitoka chumbani nasita kidogo kabla ya kumwita jina.

Nakuomba ukumbuke jambo moja tu. Uliyempenda akiondoka, mpe machozi yako. Akiomba kingine, hata kwa sauti unayoifahamu, usimpe.