Gari Lililobebwa kwa Kitenge

Kila jioni, Orpa alipokwisha kuteka maji kwenye pampu, alifagia ua wa nyumba yao kule Rubondo, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Alifagia mpaka udongo mgumu ukawa safi kama sakafu. Kisha alifungua kitenge, akatoa gari lake la waya na kuliachia. Gari lilivutwa na ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli uliozungushwa kwenye ekseli. Lilikimbia kutoka mlangoni mpaka jikoni bila kuyumba.

Ilikuwa mwaka 2012. Mwezi uliotangulia, redio ilikuwa imetangaza kwamba gari lisilo na dereva limetua kwenye sayari ya Mirihi. Sasa shule zilialikwa kwenye maonyesho mjini Mbarara. Kila shule ilitakiwa kuleta gari dogo litakalovuka sanduku la mchanga na mawe. Mshindi angepewa kabati la vifaa vya sayansi. Shule ya Orpa haikuwa hata na sumaku moja. Darasa lilimchagua Orpa kwa sababu hakuna aliyekunja waya vizuri kama yeye.

Msaidizi wake alikuwa Pacifique, jirani yake na mwanafunzi mwenzake.

"Orpa, tuipeleke ku mchanga, kule barabarani," Pacifique alisema kwa Kiswahili cha nyumbani kwao.

"Hapana! Rangi itakwaruzika. Unataka watu wa Mbarara baone gari chafu?"

"Gari gani inabebwa mu kitenge kama mtoto? Uiimbie basi, ilale!"

Orpa alicheka, lakini gari alilifunga tena. Lilikuwa jekundu, liling'aa, na magurudumu yake aliyakata kwenye kandambili kuukuu. Hakuona kasoro yoyote.

Siku moja kabla ya maonyesho, mwalimu wao, Adolphe, aliwapeleka Mbarara. Walifikia mtaa wa Kakiika kwa rafiki yake Zubairi, fundi wa magari. Gereji ilikuwa na kelele za nyundo na harufu ya dizeli. Zubairi alilipokea gari la Orpa kwa mikono miwili, akaligeuza huku na huku.

"Hii gari maridadi sana, binti yangu. Imepita wapi?"

"Kwenye ua wetu, fundi. Haijaanguka hata mara moja."

"Ua si Mirihi," Zubairi alisema. Alionyesha rundo la mchanga wa kujengea kando ya ukuta. "Twende pale."

Orpa alilikumbatia gari. "Litachafuka."

"Mimi nikitengeneza breki, naenda na gari kwa mlima kwanza. Mwenye gari akiwa mbali, breki ikikataa, atamwita nani?"

Mwalimu Adolphe akaongeza, "Hata wanaotengeneza magari mapya hufanya hivyo. Huyaendesha kwenye matope, vumbi na mawe mpaka yaharibike, ndipo wajue pa kurekebisha. Na wanaotengeneza magari ya sayari nyingine wamejifunza kazi ileile. Wao huyapeleka jangwani kwanza, kwa sababu kule Mirihi hakuna gereji."

Orpa aliliweka gari mchangani, akaliachia. Magurudumu membamba ya kandambili yalizunguka mahali pamoja, yakachimba, yakazama. Gari jekundu lilibaki limeinamisha pua kama ng'ombe anayekunywa maji.

Hakuna aliyecheka. Orpa alihisi machozi yakimjia. Kesho asubuhi shule yote ingekuwa inasubiri habari.

"Nilikuambia," Pacifique alisema polepole.

"Uliniambia," Orpa alijibu. Alipangusa uso, akapiga magoti mchangani na kulitazama gari kwa makini. "Magurudumu ni membamba. Yanakata mchanga kama kisu. Yanatakiwa kuwa mapana, lakini mapana yatakuwa mazito."

"Wanaanga waliendesha gari mwezini kabla sijazaliwa," alisema Mwalimu Adolphe. "Kampuni ya magari ilisaidia kulitengeneza. Magurudumu yake hayakuwa ya mpira. Yalifumwa kwa waya, kama wavu."

Orpa aliinua kichwa. "Kufuma? Mwalimu, kufuma tunajua! Mama ananifundisha vikapu kila Jumamosi. Fundi, una waya mwembamba?"

Zubairi alileta mabaki ya waya na koleo. Pacifique alikata, Orpa alifuma. Gurudumu la kwanza lilibonyea, akalifumua. La pili lilisimama. Walilijaribu gari, likapinduka, wakapanua ekseli. Walilijaribu tena, likakwama kwenye jiwe. Wakainua tumbo lake. Kufikia magharibi rangi nyekundu ilikuwa imebanduka, na gari lilipanda rundo lote la mchanga.

"Tujaribu tena, Orpa?" Pacifique aliuliza.

"Tujaribu tena. Na sasa uweke mawe makubwa!"

Kesho yake, kwenye maonyesho pale Kamukuzi, magari mengi yalikuwa mazuri kuliko lao. Moja lilikuwa na taa. Liliingia mchangani kwa kasi, likazama, na taa zake zikaendelea kuwaka. Zamu ya Orpa ilipofika, gari lake lilitembea taratibu. Kwenye jiwe la mwisho gurudumu moja lilibonyea. Gurudumu likajikunjua, gari likavuka.

"Limevuka! Limevuka!" Pacifique alipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Jumatatu, kabati la vifaa walilojishindia lilipofunguliwa mbele ya darasa, Mwalimu Adolphe alimwomba Orpa aeleze kila mahali gari lilipokwama. Orpa alieleza bila kuficha. Kisha mwalimu akasema:

"Wanangu, kazi yako ikiharibika mbele ya rafiki zako, usiifiche na usikasirike. Hapo bado una koleo mkononi. Ijaribu mahali pagumu kabla ya kusema iko tayari. Wanaotengeneza magari ya barabarani hufanya hivyo, wanaotengeneza magari ya Mirihi hufanya hivyo, na nyinyi pia mnaweza. Haya, nani anakuja kuishika sumaku?"

Mikono yote ilipanda juu.