Kondoo wa Taa ya Mama Mfalme

Kondoo aliyekufa asubuhi alikuwa zizini jioni, anacheua.

Pudi alimtazama mara mbili. Ndiye yule yule mwenye sikio lililochanika. Kaari, mumewe, alikuwa amemburura mwenyewe hadi korongoni na kuwaachia mbweha. Sasa amesimama katikati ya wenzake, na ubavuni walipomtafuna palikuwa wazi, pakavu, hapana damu wala nzi.

"Kaari," alinong'ona. "Njoo uone."

Kaari akaja, akaona, akacheka kicheko cha mtu asiye na la kufanya. "Afadhali. Huyu simfidii."

Kondoo wale hawakuwa wao. Mfalme aliwatoa wakfu kwa hekalu, ili samli yao iwashe taa moja usiku na mchana kwa ajili ya roho ya marehemu mama yake. Yote yalichongwa ukutani: mfalme, baba yake, babu yake, nchi walizoteka, kisha jina la Kaari mchungaji, kwamba yeye na wanawe na wajukuu watapeleka samli maadamu jua na mwezi vipo, na kwamba kondoo hao ni wasiokufa wala kuzeeka. Maana yake kila mchungaji aliijua: akifa mmoja, utaleta mwingine wako.

Lakini mwaka ule mvua haikunyesha, kondoo wakafa ovyo, na Kaari hakuwa tena na wa kufidia. Siku mbili kabla ya jioni ile, kuhani alimsuta mbele ya watu. "We Kaari, hata kondoo wako wanaona heri kufa kuliko kuchungwa na wewe!" Watu wakaangua kicheko. Kwa hasira Kaari akaupiga ukuta kofi, pale pale penye maandishi. "Haya, bibi," akamwambia marehemu, "si ulitaka kondoo wasiokufa? Watunze mwenyewe!"

Kuhani aliacha kucheka.

Tangu kofi lile hakuna kondoo aliyekufa asirudi. Wala hakuna aliyezaa. Wanakondoo walibaki vile vile, wadogo, na maziwa ya mama zao yalitoka baridi. Zizi lilinuka samli inayoungua, hata jiko likiwa limezimwa. Kila alfajiri zilisikika bangili zikilia kati ya kondoo, kama mwanamke mzito anapita akiwapapasa mmoja mmoja.

Kilichomtisha Pudi zaidi kilikuwa tumboni mwake. Alikuwa na mimba kubwa siku Kaari alipoupiga ukuta, na mwezi wake ukafika, ukapita, mvua zikarudi, mpunga ukavunwa, majirani wakaacha kumuuliza wakaanza kumkwepa njiani, na bado mtoto alikuwa akicheza humo ndani, hakui, hashuki, hachoki, na kila bangili zilipolia zizini alitulia tuli kama mtoto anayesikia sauti ya mama yake.

Kaari akamleta mganga, mama mmoja mcheshi aitwaye Valli. "Msiogope, wanangu," alisema akitikisa ungo wake wa mchele. "Nimeshatoa majini manene kuliko kuhani wenu."

Akautupa mchele juu. Hakuna punje iliyorudi. Valli akaweka sikio kwenye tumbo la Pudi, na mzaha ukamwisha.

"Anasemaje?" aliuliza Kaari.

"Sema polepole. Yupo hapa." Valli akainua kichwa. "Huyu mama wa mfalme si wa kufukuzwa, baba. Aliitwa, akapewa kazi, anaifanya. Ile taa ikizimika, hata kidogo tu, atawaachia wote."

"Basi naizima leo hii!"

"Ngoja. Akiwaachia, kila mmoja atakwenda alikokuwa anakwenda." Akamgeukia Pudi. "Mwanangu, siku ile ya ukuta, uliumwa?"

Pudi alikuwa hajamwambia mtu. "Nilitoka damu. Ikakatika."

"Haikukatika. Ilishikwa."

Valli akachukua ungo wake, akaondoka bila kudai chochote.

"Tuizime," Kaari alisema. "Haya si maisha, mke wangu."

"Weka mkono."

Akauweka. Mtoto akapiga teke, kwa nguvu, na tumbo lilikuwa baridi kama jiwe la ukutani. Kaari akalia. "Na sisi tukizeeka, nani atapeleka samli?"

Pudi alimtazama kwa huruma. "Kaari," alinong'ona, "mara ya mwisho umekata kucha lini?"

Kaari akafungua viganja, akavitazama vidole vyake muda mrefu: kucha zilikuwa fupi vile vile tangu siku ya kofi. Kisha akajitwisha mtungi wa samli, akashika njia ya hekaluni, na Pudi akamfuata, na nyuma ya Pudi zikafuata bangili.