Neno Aliloliandika Mkaguzi

Duka la kutoa nakala lilifurika, maana ilikuwa mwisho wa mwezi na mashine moja ilikuwa imegoma. Mhasibu wa benki alisimama nyuma kabisa, gauni lake la samawati limeloa mvua mabegani, akitazama saa. Kijana aliyekuwa mbele ya foleni akageuka, akamwona.

"Pita wewe, dada. Mimi bosi wangu ameshazoea nikichelewa."

Macho ya dada yakatua kwenye kalamu iliyokuwa mfukoni mwa shati lake. "Wino wa kijani, wino wa wakaguzi! Wewe mkaguzi wa hesabu."

"Nimekamatwa."

"Makubwa! Nimepishwa na adui."

Kuna watu hukupa zamu yao kisha wakakusimanga. Huyu alirudi nyuma ya foleni, akatulia na makaratasi yake kifuani. Dada alipotoka akampa namba yake bila kuombwa, na tangu siku hiyo akamwita Kijani.

Walipendana miezi saba. Kila mchana simu ililia.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula maneno ya bosi, nimeshiba."

Mwaka huo benki ilianza kufuata viwango vipya vya uhasibu. Zamani hasara ya mkopo iliandikwa mkopaji akishaanza kushindwa kulipa. Sasa benki ilitakiwa kukadiria mapema ni wangapi watashindwa, itenge fedha, na faida ipungue kabla hasara haijafika. Dada ndiye aliyefanya makadirio. Alipoweka ukweli, faida ilipungua karibu nusu.

Mkuu wa idara akafunga mlango. "Andika kwamba uchumi utanawiri na wakopaji watalipa. Kisha saini."

Mama yake dada alikuwa akisafishwa figo mara tatu kwa wiki, kwa bima ya kazi hiyo. Akasaini. Halafu akampigia Kijani.

"Nimefanya jambo baya. Mkuu amenilazimisha kupunguza hasara..."

"Usiniambie, mpenzi. Kesho wenzangu wa ofisini wanaanza ukaguzi benki kwenu."

"Hata kunisikiliza hutaki?"

"Nataka. Lakini mwendee kiongozi wao, ni mama mmoja wa miwani, umweleze mwenyewe. Ukisema mwenyewe itakuwa nafuu. Na mimi nina jambo la kukuambia, ila si kwenye simu."

Hakwenda. Aliogopa. Wiki mbili baadaye wakaguzi wakayakataa makadirio, na taarifa za fedha zikarudishwa zirekebishwe. Mkuu akamjia juu mbele ya wenzake: "Mpenzi wako si mkaguzi? Umemnong'oneza!" Dada akasimamishwa kazi siku hiyohiyo, akingoja kikao.

Alimpigia Kijani akiwa ngazini.

"Umeniuza, Kijani!"

"Haki ya Mungu, sikusema neno. Nisikilize..."

"Mama yangu akikosa matibabu ni juu yako. Usinipigie tena!"

Akaizuia namba yake. Siku tisa hakula vizuri. Mama yake alimsogezea uji, akauacha ukapoa. Mama akaupasha moto tena.

Siku ya kikao mkuu alisema kwa sauti kubwa kwamba msichana huyu ametoa siri kwa mpenzi wake mkaguzi. Mama wa miwani alikuwa ameitwa kutoa maelezo.

"Nani alituambia?" akauliza. "Makadirio yenu yalisema kila mkopaji atalipa. Hata wanangu hawanirudishii nikiwakopesha. Nilihitaji kuambiwa?"

Mjumbe mmoja akaficha kicheko.

"Na huyo kijana hakugusa kazi hii." Akatoa karatasi. "Kila mkaguzi hujaza tamko kabla ya kuanza, kama ana uhusiano na mtu wa hapa. Yeye alijaza siku moja kabla hatujaingia, tukamwondoa. Yuko kiwanda cha saruji."

Akaisogeza mezani. Mbele ya jina la dada, kwa wino wa kijani, palikuwa na herufi moja iliyokatwa, kisha neno moja: mchumba.

"Mchumba?" Dada akaivuta karatasi karibu. "Hajawahi hata kuniuliza."

"Basi umejua kabla ya kuulizwa," mama wa miwani akasema, akampa leso yake.

Dada akajifuta, akasimama, akasema yote: mlango uliofungwa, amri, na saini iliyokuwa yake. Mkuu akaondolewa. Yeye akapewa onyo kali, akashushwa cheo, akapelekwa dirishani kuhudumia wateja. Mshahara ulipungua. Bima ilibaki.

Alimpigia Kijani akiwa nje ya lango la benki. Kwenye simu mashine za kiwandani zilinguruma.

"Nilisema umeniuza," akasema. "Nisamehe."

"Nilikuwa naomba tu upige. Mama anaendeleaje?"

Swali hilo lilimtoa machozi upya. "Kwa nini hukuandika rafiki?"

"Ningeandika rafiki, huenda wangeniacha kwenye kazi ile. Ndiyo ingenipandisha cheo. Niliandika herufi ya kwanza ya rafiki, nikaikata. Ulikuwa uongo."

"Uliniposa kwa makaratasi, bila mimi kujua!"

"Niliogopa ungekataa."

"Nimeshuka cheo, Kijani. Nina mgonjwa nyumbani. Unajua unachochukua?"

"Najua. Mama husafishwa figo siku gani?"

"Jumatatu, Jumatano, Ijumaa."

"Jumatano nina nafasi. Nitampeleka mimi, wewe uende dirishani. Na huko njiani nitamwomba binti yake kwa mdomo, si kwa fomu."

"Njoo mapema," dada akasema. Akabaki na simu sikioni, akimsikia akikohoa vumbi la saruji, na hakuna aliyekata.